Masharti yenye krediti sifuri yanazuia watu kuhitimu shahada ya muziki, na hakuna anayewajibika

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na ninaomba mnivumilie nieleze kwa urefu, kwa sababu jambo lenyewe limejengwa kwa namna ambayo mtu asiyelipitia huliona dogo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza ya muziki, na ala yangu kuu ni klarineti. Kozi zote nimezifaulu na krediti zote zinazotakiwa, yaani vipimo vya uzito wa kila kozi, zitatimia mwisho wa muhula huu. Hata hivyo, idara imeniarifu kwamba jina langu haliwezi kuingia kwenye orodha ya wahitimu, kwa kuwa kumbukumbu zao zinaonyesha kwamba kipengele kimoja cha mtihani wa umahiri wa piano hakijafanywa. Mtihani huo una krediti sifuri. Haumo kwenye ratiba ya kozi, hauna mwalimu anayeufundisha, hauna alama inayoingia kwenye wastani wangu, hutolewa mara moja tu kwa muhula, na tarehe ya muhula huu ilikuwa imekwisha kupita nilipopewa taarifa.

Piano ya darasani niliisoma kwa mihula minne na kuifaulu yote. Katika mitihani ya kozi hizo nilipiga skeli (ngazi za nota), nilimsindikiza mwimbaji, nilisoma nota nilizowekewa mbele yangu kwa mara ya kwanza, na nilihamisha wimbo kutoka ufunguo mmoja hadi mwingine, yaani kuupiga wote juu au chini zaidi. Leo naambiwa kwamba kufaulu kozi ni jambo moja na kufaulu mtihani wa umahiri ni jambo jingine, ingawa wanaopima ni walewale na kinachopimwa ni kilekile. Nilipouliza sharti hilo limeandikwa wapi, nilionyeshwa waraka wa ndani wa idara ambao haumo kwenye kitabu cha mwongozo wa wanafunzi.

Ieleweke tangu mwanzo kwamba sipingi piano. Mpiga klarineti hupiga sauti moja kwa wakati mmoja, na anahitaji ala ambayo juu yake anaweza kuziweka sauti nne pamoja na kusikia jinsi kordi moja, yaani nota zinazolia pamoja, inavyoielekea nyingine. Klarineti ya kawaida husikika toni nzima chini ya kilichoandikwa, kwa hiyo kuhamisha ufunguo kwangu ni kazi ya kila siku. Mwanamuziki aliyesomea kazi yake na asiyeweza kukaa mbele ya piano akaonyesha harmonia ya wimbo rahisi amepungukiwa, na ninakubali kabisa kwamba jambo hilo lipimwe. Ninachokataa ni utaratibu wa kuweka sharti lenye nguvu ya kumzuia mtu kuhitimu, kisha kukataa kulihesabu, kulifundisha, kulipangia saa na kulitangaza mahali panapoonekana.

Tuangalie kwanza krediti zenyewe maana yake ni nini. Marekani, viwango vya shule nyingi za muziki husimamiwa na National Association of Schools of Music, chombo kilichoanzishwa mwaka 1924, na shahada ya kwanza kwa viwango vyake huanzia krediti 120 za muhula. Krediti moja hukusudiwa kuwakilisha takribani saa 3 za kazi kwa wiki: saa moja darasani na saa mbili za kujisomea, au, kwa masomo ya ala, saa 3 za mazoezi pamoja na muda wa kukaa na mwalimu. Ulaya, baada ya Azimio la Bologna la mwaka 1999, mwaka mmoja wa masomo huhesabiwa kuwa krediti 60, na kila krediti huwakilisha saa 25 hadi 30 za kazi. Shahada ya miaka mitatu huwa na krediti 180 na ya miaka minne huwa na 240. Mifumo hii miwili ina tofauti nyingi, lakini msingi wake ni mmoja, nao ni kwamba saa za mwanafunzi zina thamani na lazima zionekane kwenye hesabu. Kanuni hiyo ingefuatwa kwa uaminifu, uzi huu usingekuwepo.

Sasa linganisheni na hali halisi. Kwenye okestra, bendi au kwaya, mwanafunzi hutakiwa kuhudhuria mazoezi mara kadhaa kwa wiki, kujifunza sehemu yake nyumbani, kufika kwenye mazoezi ya ziada wiki ya tamasha, na kupiga tamasha lenyewe usiku. Kazi yote hiyo mara nyingi huandikwa krediti moja, na katika programu nyingine huandikwa sifuri iwapo mwanafunzi amefikia kikomo cha krediti anazoruhusiwa kwa muhula. Sifuri hiyo haimaanishi kwamba unaweza kuacha kwenda. Ukikosa mazoezi bila ruhusa unafelishwa, na ukifelishwa huhitimu. Mwenzetu wa fani nyingine akiona kwamba tumejisajili kwa krediti zilezile alizonazo yeye, anaamini kwamba tunabeba mzigo uleule. Mshauri wa masomo anaamini hivyohivyo, kwa sababu naye anaangalia jumla iliyo chini ya ukurasa.

Lipo pia sharti la kuhudhuria maonyesho. Kila muhula mwanafunzi wa muziki hutakiwa kukaa kama msikilizaji katika idadi fulani ya maonyesho na matamasha, na mihula kadhaa ya namna hiyo ikamilike kabla ya kuhitimu. Wazo ni zuri, kwani mwanamuziki asiyesikiliza wenzake hakui. Lakini sharti hili pia ni la krediti sifuri, maonyesho mengi huwekwa jioni, na wanafunzi wanaofanya kazi jioni ili walipe ada ndio wanaoumia. Katika idara yangu ushahidi wa kuhudhuria ni saini kwenye karatasi inayopitishwa mlangoni. Karatasi ikipotea mikononi mwa idara, aliyekosa ni mwanafunzi. Namfahamu mwenzangu ambaye alikuwepo jukwaani, akiwasindikiza wengine kwa fidla usiku mzima, na akahesabiwa kuwa hakuhudhuria kwa sababu hakusaini kama msikilizaji. Alipolalamika aliambiwa kwamba utaratibu ni utaratibu. Kwa kweli dau la mnyonge haliendi joshi.

Jambo linalonikera zaidi ya yote, hata kuliko mkasa wangu wa piano, ni mtihani wa jopo wa mwisho wa mwaka wa pili. Kwa wasioufahamu: kila mwisho wa muhula mwanafunzi hupiga ala yake mbele ya jopo la walimu kwa dakika chache, akitoa skeli na vipande alivyotayarisha. Mwisho wa mwaka wa pili jopo hilo huwa na uzito wa pekee, kwa kuwa ndilo linaloamua kama utaruhusiwa kuendelea na ngazi ya juu ya shahada au la. Mtu anaweza kuwa amefaulu nadharia, mafunzo ya sikio, historia na masomo ya jumla, na mwalimu wake wa ala amempa alama nzuri mihula yote minne, kisha dakika zile chache zikamfungia mlango. Sisemi kwamba jopo lisiwepo. Mtu ambaye hana uwezo wa kufikia onyesho la kuhitimu ni haki yake aambiwe mapema. Ninachouliza ni hiki: kwa nini aambiwe baada ya miaka miwili ya ada, na kwa nini aambiwe kwa neno moja? Wanafunzi wa idara yangu hupewa matokeo yenye neno "ameendelea" au "hakuendelea", bila maelezo ya kilichopungua, iwe ni sauti, mdundo, usafi wa toni au ufahamu wa mtindo. Walimu wanaotufundisha kwamba kila nota iwe na sababu hawatoi sababu ya uamuzi unaobadilisha maisha ya mtu.

Halafu kuna mnyororo wa nadharia. Nadharia ya muziki pamoja na mafunzo ya sikio kwa kawaida huchukua mihula minne iliyofungamana, huku historia ya muziki ikidai mihula mingine miwili au zaidi. Unaanza na skeli, vipindi (umbali kati ya nota na nota) na kordi za msingi, unaingia kwenye uandishi wa sauti nne kwa kufuata korali (nyimbo za kanisani za sauti nne) za mtunzi Johann Sebastian Bach, unafika kwenye kubadili ufunguo ndani ya kipande, kisha unamalizia na muziki wa karne ya 20. Huwezi kuruka hatua, na hilo ni sawa, kwa kuwa maarifa haya hujengana. Kisicho sawa ni kwamba katika idara ndogo kila hatua hutolewa mara moja tu kwa mwaka. Anayefeli imla ya muziki muhula wa kwanza, yaani kuandika kwa nota kile anachokisikia, hapotezi muhula mmoja bali mwaka mzima, na kwa kuwa kozi za juu za uchambuzi, uongozaji na utunzi zinasubiri mnyororo huo ukamilike, mpango wa miaka minne unageuka kuwa wa miaka mitano. Wanaoumia hapa ni waimbaji na wapigaji wenye vipaji waliojifunza kwa kusikia na kufuata, ambao hawakuwahi kufundishwa kusoma nota kabla ya kufika chuoni. Walipimwa kwa kupiga siku ya usaili, wakasifiwa na kupokelewa, na hakuna aliyewaambia kwamba wanaanza nyuma ya wenzao.

Onyesho la kuhitimu nalo lina mambo yake. Katika programu nyingi za upigaji mwanafunzi hutoa onyesho la takribani nusu saa mwaka wa tatu na la takribani saa nzima mwaka wa nne. Kabla yake kuna usikilizaji wa awali, ambapo walimu huamua kama onyesho liendelee au liahirishwe. Sehemu kubwa ya vipande vya klarineti huhitaji mpiga piano wa kusindikiza, na mahali pengi mzigo wa kumtafuta na kumlipa msindikizaji huyo humwangukia mwanafunzi. Gharama hiyo haikuwemo kwenye orodha ya ada tuliyopewa wakati wa kujiunga, wala kwenye barua ya kunipokea.

Najua hoja nitakazojibiwa. Wapo watakaosema kwamba muziki ni wito, na kwamba anayehesabu saa hana moyo wa kisanii. Hoja hiyo siikubali hata kidogo. Saa za mazoezi sizionei uchungu. Ningezifanya hata bila shahada. Ninazungumzia cheti ambacho chuo kimeahidi kutoa kwa masharti, na anayeahidi kwa masharti anapaswa kuyataja yote. Wengine watasema kwamba ningechagua shahada ya muziki ya mwelekeo wa sanaa kwa ujumla badala ya hii ya kitaalamu. Tofauti hiyo ni kubwa kweli: kwa viwango vya Marekani nilivyovitaja, shahada ya kitaalamu huwa na muziki kwa angalau asilimia 65 ya masomo, wakati ile ya mwelekeo wa jumla huwa na asilimia 30 hadi 45. Lakini ni wangapi kati yetu walielezwa tofauti hiyo kabla ya kujaza fomu? Na anayetaka kuhama kutoka moja kwenda nyingine akiwa mwaka wa tatu hugundua kwamba masomo yake mengi ya ala hayana pa kuhesabiwa upande wa pili, na kwamba masomo ya jumla aliyokuwa akiyasogeza mbele sasa yanamngoja yote kwa pamoja.

Ninachodai si kurahisishiwa shahada. Mtihani wa umahiri wa piano uunganishwe na kozi ya mwisho ya piano, ili anayefaulu kozi awe amefaulu mtihani, na anayefeli ajue wakati bado ana mwalimu na darasa. Masharti yote, yenye krediti na yasiyo na krediti, yawe kwenye ukurasa mmoja anaopewa mwombaji kabla hajalipa chochote, na yasibadilishwe kwa wale waliokwisha kuanza. Jopo la mwaka wa pili litanguliwe na onyo la maandishi mwisho wa mwaka wa kwanza, na uamuzi wake uandikiwe sababu. Mazoezi ya okestra na kwaya yapewe krediti zinazolingana na saa zake, na kama jumla ya krediti za shahada itazidi kikomo, basi kitu kingine kipunguzwe waziwazi badala ya kufichwa ndani ya sifuri.

Kwa upande wangu nimeandika barua kwa mkuu wa idara nikiomba nipangiwe kikao cha pekee cha mtihani kabla ya muhula kuisha, na nimeambatanisha matokeo yangu ya mihula yote minne ya piano. Bado sijajibiwa. Kama kuna mwanajukwaa aliyewahi kukaa kwenye kamati ya mitaala ya muziki, au mwanafunzi aliyewahi kukata rufaa juu ya sharti lisilokuwemo kwenye mwongozo, naomba aeleze hapa ni ofisi gani iliyomsikiliza na ni hoja gani iliyokubaliwa, kwa sababu muda wangu ni mfupi na nipo tayari kuandika barua nyingine leo hii.