Corolla 110 taa za mbele zimefifia: nibadilishe globu au waya?

Kitonga_Usiku
Wakuu, habari za jioni. Corolla 110 ya mwaka 1998, globu ni H4 (globu moja yenye waya mbili) za 60/55W, yaani fulu (mwanga wa juu) 60, dimu (mwanga wa chini) 55. Taa zinawaka lakini njano, na mvua ikinyesha lami yote inamezwa. Globu mpya nimeshaweka pande zote mbili, tofauti sioni. Injini ikiwa inazunguka, betri inasoma volti 13.9. Dukani wananipa njia mbili: globu za 100/90W au za LED. Nichukue ipi?

Rewaya_Safi
Mkuu, usinunue chochote bado. Betri umepima, sasa pima kwenye globu yenyewe, taa zikiwa zimewaka dimu. Usichomoe soketi. Ingiza ncha za mita kwa nyuma yake, moja kwenye pini ya pamoja (inayotumiwa na dimu na fulu), nyingine kwenye pini ya dimu. Ukipata 13.4 kwenda juu, waya ni wazima, tafuta ugonjwa kwenye kioo cha taa. Ukipata 12 kushuka chini, umeme unapotea njiani.

Mwanga wa globu za halojeni, kama H4 zako, hauendi sambamba na volti, unaporomoka haraka zaidi. Globu inayopata 11.4 badala ya 13.9 inatoa karibu nusu tu ya mwanga wake. Ndiyo hiyo njano.

Za 100/90W achana nazo. Dimu ya 55W inavuta kama ampea 4.6, ya 90W inavuta 7.5, kwenye waya uleule mwembamba na swichi ileile ya usukani. Soketi inakauka na kuwa kahawia, halafu inayeyuka.

Kioo_Angavu
Kabla ya waya, gonga kioo cha taa kwa ukucha. Kikilia kwa ukali ni kioo halisi: kioshe tu, msasa usikiguse. Kikilia kwa uzito ni plastiki, na hiyo inasafishika: msasa wa maji namba 800, kisha 1000, 2000 na 3000, maji yakitiririka muda wote, kila namba ikivuka mikwaruzo ya iliyotangulia. Baada ya 800 taa itaonekana imeharibika kabisa, nyeupe kama maziwa, usiogope, endelea. Malizia kwa dawa ya kupolishi, kisha rangi angavu inayozuia jua. Ukiiacha bila hiyo rangi, umanjano unarudi mapema.

Chungulia na ndani. Rifrekta (bakuli la ndani linalorudisha mwanga mbele) ikiwa imepauka au imebanduka, hakuna msasa wala globu itakayoiponya. Tafuta taa nzima. Na usiifute kwa kitambaa, ule mng'ao ni utando mwembamba sana, unatoka na kitambaa.

Kitonga_Usiku
Nimepima. Kushoto 11.5, kulia 11.7. Vioo ni halisi, rifrekta zinang'aa. Fundi anasema aongeze ethi (waya wa hasi kwenda bodi ya gari) kwenye pini ya pamoja.

Rewaya_Safi
Mzuie! Toyota nyingi za miaka ya 1990 swichi inakata hasi, siyo chanya. Pini ya pamoja ndiyo yenye chanya, ukiipeleka kwenye bodi fyuzi inakatika. Hakikisha hivi: chomoa soketi, washa taa, pima kila pini dhidi ya bodi. Volti 12 zikibaki kwenye pini ileile, iwe dimu au fulu, swichi inakata hasi. Zikihama pini, inakata chanya.

Umeme wako unapotea njiani, kwa hiyo dawa yako ni rilei mbili (swichi zinazoamshwa na umeme mdogo ili globu zipate umeme moja kwa moja toka betri) za pini nne, ampea 30, zisizo na diodi (kipitisha umeme upande mmoja tu) ndani. Ya kwanza, pini 85 na 86 (za kuiamsha) zifunge kati ya pini ya pamoja na ya dimu ya soketi ya zamani. Ya pili, kati ya pamoja na fulu. Ukifunga hivyo, rilei inafanya kazi hata swichi ikate upande gani. Soketi moja ya zamani inatosha kuamsha zote mbili. Ya upande wa pili izibe isiingie maji.

Pini 30 ya kila rilei itoke moja kwa moja chanya ya betri, waya wa milimita 2.5 za mraba, fyuzi ya ampea 15 karibu kabisa na betri. Pini 87 iende dimu (au fulu) ya soketi mpya za kauri, kushoto na kulia. Pini ya pamoja ya soketi mpya sasa ndiyo inaenda bodi: kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kaza nati, paka grisi. Rilei zining'inie pini zikiangalia chini.

Ukimaliza, tofauti kati ya betri na globu isizidi volti 0.3.

Kioo_Angavu
Kuhusu LED: ndani ya H4 kuna kikombe kidogo cha chuma chini ya waya wa dimu, kinachozuia mwanga usipande juu. Rifrekta imechongwa kufuata nafasi ya waya huo. LED isipokaa pale pale, mwanga unatawanyika. Unawapofusha wanaokuja na wewe bado huoni mbali.

Ukishafunga rilei, rekebisha mwelekeo. Upepo wa matairi sawa, dereva kitini, gari mita 10 kutoka ukutani, sehemu tambarare. Ukingo wa juu wa dimu uwe sentimita 10 chini ya kimo cha katikati ya taa. Upande wa kushoto mwanga unapanda kidogo, ndivyo inavyotakiwa Tanzania na Kenya. Anayelipeleka gari la Japani Burundi au Rwanda atafute taa za huko, kwa sababu huko wanaendesha kulia na ule mpando unaangukia machoni mwa anayekuja.