Gumzo la Ukoo: Modemu ya Baba Mdogo

Jumamosi jioni

Baba Mdogo Rajabu: Wanangu hamjambo? Zuhura, upo?

Zuhura: Hatujambo. Shikamoo baba mdogo, nipo.

Baba Mdogo Rajabu: Marahaba. Kila nikitaka kusoma barua pepe lazima nifungue kile kidirisha, niandike jina, nenosiri, nibonyeze, ningoje. Nikikosea herufi moja naanza upya. Nasikia kompyuta inaweza kupiga simu ya intaneti yenyewe?

Zuhura: Inaweza. Kwanza angalia nyuma ya modemu, kile kifaa kinachounganisha kompyuta na laini ya simu. Waya wa ukutani uko kwenye tundu la laini, na simu ya mezani kwenye lile lenye picha ya simu?

Baba Mdogo Rajabu: Ndivyo ulivyoacha.

Zuhura: Basi fungua paneli ya udhibiti, mipangilio ya intaneti, halafu sehemu ya miunganisho. Utaona jina la muunganisho wetu na chini yake viduara vitatu.

Baba Mdogo Rajabu: Nimeviona. Kilichojazwa ni cha juu.

Zuhura: Hicho kinasema usipige kamwe. Cha kati: piga pale tu ambapo hakuna mtandao mwingine. Cha chini: piga kila mara. Chagua cha kati. Kisha gusa jina la muunganisho uufanye wa msingi, ili kompyuta ijue ipige wapi.

Idi: Kwa nini si cha chini? Ana laini moja tu.

Zuhura: Leo. Siku akiunganisha intaneti ya simu ya mkononi, kompyuta itapiga ya mezani bila sababu. Cha kati hakina hasara.

Baba Mdogo Rajabu: Tayari.

Zuhura: Sasa fungua muunganisho wenyewe, andika jina na nenosiri polepole, weka tiki penye kuhifadhi. Halafu ingia kwenye sifa zake, sehemu ya chaguo, uondoe tiki mbili: ya kuuliza jina na nenosiri, na ya kuuliza namba ya simu. Wengi husahau hizo mbili, wakadhani kompyuta imekataa.

Baba Mdogo Rajabu: Nimefungua kivinjari tu, imepiga! Ule mlio wa kukwaruza huo!

Zuhura: Alhamdulillahi. Hapo modemu mbili zinapatana kasi. Mwisho wake ni kilobiti 56 kwa sekunde, na mara nyingi hazifiki huko. Waya ule ulitandazwa kwa ajili ya sauti ya mtu.

Idi: Na mimi kazini? Laini ya nje naipata kwa kuanza na 9, modemu inawahi mno.

Zuhura: Andika 9, weka mkato, kisha namba. Mkato ni kusubiri kama sekunde 2. Isipotosha weka miwili. Ila muulize fundi kwanza kama laini ni ya analogi, yaani kama ya simu ya kawaida ya nyumbani. Laini ya dijitali ya swichibodi inaweza kuunguza modemu.

Jumapili asubuhi

Shangazi Mwanaidi: Rajabu, tangu jana usiku napiga simu ya nyumbani, inatumika tu. Saa nne, saa sita, alfajiri. Nimelala roho juu. Mna nini huko?

Baba Mdogo Rajabu: Shikamoo dada. Wazima sote. Jana nilifunga kivinjari nikaenda kulala.

Zuhura: Shikamoo shangazi, nisamehe. Nilimwonyesha baba mdogo namna ya kupiga, sikumwonyesha namna ya kukata. Kufunga kivinjari hakukati simu.

Shangazi Mwanaidi: Marahaba. Mradi wazima. Rekebisheni.

Zuhura: Baba mdogo, rudi kwenye zile chaguo. Muda wa kukaa kimya kabla ya kukata: dakika 10. Kompyuta ikikosa laini irudie mara 3, dakika 1 kati yake. Tiki ya kupiga tena laini ikikatika, iondoe. Halafu niambie, programu ya barua pepe inachungulia kila baada ya dakika ngapi?

Baba Mdogo Rajabu: 5.

Zuhura: Ndiyo hiyo! Kila dakika 5 kuna kitu kinapita, kwa hiyo zile 10 za kimya hazitimii hata siku moja. Na ukikata kwa mkono, itapiga tena usiku wa manane. Zima, barua zije unapobonyeza wewe. Masasisho nayo yakuulize kwanza. Faili la megabaiti 50 kwa laini hiyo ni karibu saa 2 mambo yakiwa mazuri.

Idi: Ule mlio je, aunyamazishe?

Zuhura: Hapana, tafadhali. Ndio unaomwambia kwamba kompyuta imepiga. Na namba iliyomo aikague mara moja moja. Zilikuwepo programu mbovu zinazoibadilisha kimyakimya, kompyuta ikapiga namba za gharama kubwa. Akiikuta si ile niliyomwandikia, achomoe waya kwanza, ndipo aniite.

Baba Mdogo Rajabu: Nimeweka yote. Nimekaa naitazama, dakika 10 zimepita, imekata yenyewe. Dada, jaribu sasa.

Shangazi Mwanaidi: Napiga.

Baba Mdogo Rajabu: Inaita. Ngojeni nipokee.