Msaada wakuu: tuuze kiwanja ili mama apimwe maikroRNA?

MtotoWaHombolo:
Wakuu, habari za jioni. Mama yetu, miaka 54, amekutwa na saratani ya titi. Kinyama kilikatwa hapahapa Dodoma, daktari anasema ni hatua ya pili. Sasa kuna jamaa katuletea habari za kipimo cha maikroRNA: damu inapelekwa India, majibu yanasema kama mama atapona au la. Bei yake acheni tu. Kaka mkubwa ameshaanza kuongea na dalali auze kiwanja cha Nala, na kemo (dawa za kuua saratani) eti isubiri majibu hayo kwanza. Ni kitu cha kweli au tunapigwa?

Zabibu_Chungu:
Kiwanja Nala kiuzwe kwa haraka? Dalali atakula na nyinyi mtabaki na mgonjwa. Nasubiri wajuzi.

FundiMaabara:
Pole kwa kuuguza mkuu. Sayansi yenyewe ni ya kweli. MaikroRNA ni vipande vidogo vya RNA (ndugu wa DNA), herufi kama 22 tu, kazi yao ni kuzibana jeni zisizalishe protini ovyo. Victor Ambros na Gary Ruvkun, walioviibua kwenye kijinyoo mwaka 1993, walipewa Nobel mwaka 2024. Kwenye saratani udhibiti huo huvurugika. Kwa mfano, maikroRNA iitwayo miR-21 hupanda katika saratani nyingi, titi ikiwemo, na tafiti kadhaa zimeihusisha na ugonjwa mkali zaidi.

Ila hizo ni hesabu za kundi la wagonjwa. Ukimchukua mama yako peke yake, hakuna anayeweza kukuambia "atapona" kwa kipimo hicho, anayesema hivyo anapiga ramli. Halafu damu ina visa vyake: chembe nyekundu zimejaa maikroRNA nyingine, miR-16 na miR-451, zikipasuka kwenye sirinji au njiani majibu yanaharibika. Tiba ya titi haipangwi kwa maikroRNA.

Angalia karatasi ya kinyama. Kuna ER na PR (vipokezi vya homoni kwenye seli za saratani) na HER2 (protini inayoikuza saratani)?

MtotoWaHombolo:
Nimeishika hapa. Kuna aina ya saratani na gredi 2. Hizo hazijaandikwa kabisa.

FundiMaabara:
Basi pesa iende kupima hizo! ER au PR ikiwepo, mama anaweza kuwekwa kwenye vidonge vya homoni kama tamoksifeni. HER2 nayo ina dawa yake. Hapo jibu linabadilisha tiba. La India likija baya mtafanya nini tofauti? Wala hakatwi tena, kinyama huwa kinagandishwa kwenye nta na kutunzwa maabara, watapima kipande hichohicho.

MamaWawili_Dom:
Mdogo wangu, mimi nimepita njia hiyo. Kemo msiicheleweshe kwa maneno ya mtu wa mtaani, mwulizeni daktari anayemtibu. Na huyo jamaa muulizeni anapata shilingi ngapi kwa kila damu anayopeleka.

Zabibu_Chungu:
😂😂 Hapo atazima simu.

MtotoWaHombolo:
Asanteni sana. Kaka nimempa simu asome mwenyewe, amenuna ila yeye mwenyewe kamwambia dalali asubiri. Hicho kipande tunakiombaje, tunaenda maabara moja kwa moja?

FundiMaabara:
Anzieni kwa daktari awaandikie fomu. Bebeni na ile namba ya kinyama iliyo juu ya karatasi, bila hiyo mtashinda kwenye benchi mpaka jioni.