Kikundi cha maigizo ya watoto: tuanzie wapi?

Kutoka: Dada wa Coventry

Habari zenu wanajumuiya, na shikamooni mnaostahili.

Kwenye sherehe ya Uhuru mwaka jana watoto walipandishwa jukwaani, wakasoma shairi kwenye simu, wakashuka. Sisi wazazi tukapiga makofi. Wenzao walikuwa nje wanacheza mpira, wala hawakujua kuna kitu kinaendelea. Sasa tuko kina mama wanne tunataka kuanzisha kikundi cha maigizo, watazamaji wawe watoto wa miaka mitano hadi kumi na miwili, si sisi. Kuna aliyewahi kufanya hapa Uingereza? Tunaandikishaje? Pesa zinatoka wapi? Nisaidieni kabla sijachapisha fulana.

Kutoka: Mama Wawili, Leicester

Marahaba mdogo wangu. Fulana ziache kwanza.

Sisi tulianza na jina, nembo na mwenyekiti. Miezi sita ikaishia kwenye vikao vya Zoom na ugomvi wa jina, hata mtoto mmoja hajavaa mkia wa sungura. Mara ya pili tukageuza: mchezo mmoja wa dakika ishirini na tano, ukumbi wa mtaani, mikeka chini, Jumamosi mchana. Kikundi kilizaliwa pale.

Hadithi ilikuwa ya Sungura na Fisi. Mtambaji akaita "Paukwa!" Wazee waliokaa nyuma wakajibu "Pakawa!" kwa sauti moja, na watoto waliokaa mbele wakageuka kuangalia kulikoni. Hawakuijua. Akasimamisha mchezo, akawafundisha palepale. Mara ya tatu walikuwa wanawazidi babu zao kwa kelele.

Lugha itawaumiza kichwa kuliko pesa. Watoto wetu wanasikia Kiswahili, wanajibu Kiingereza. Mwanzoni Fisi alisema "Nimeghafilika." Kimya. Tukambadilishia: akalamba sufuria tupu, akashika tumbo, "Njaa inaniumaaa!" Wakagaragara. Kilichotuokoa hasa ni hiki: Fisi anaongea Kiswahili tu, Sungura anaongea lugha zote mbili, na ndiye mkalimani. Fisi akisema "Nina njaa, nipe nyama," Sungura anawageukia watoto na kuwaambia kwa Kiingereza kwamba Fisi ameshiba na anataka kulala. Ukumbi mzima: "Hakusema hivyo!" Mwanangu mkubwa, ambaye nyumbani hajui hata "nipe chumvi", alisimama juu ya kiti kumtetea Fisi.

Kuhusu karatasi: waigizaji wenu wakiwa watu wazima, mambo ni mepesi. Wakiwa watoto, ongeeni na halmashauri mapema. Mtoto asiyelipwa wala kukosa shule anaweza kuonekana jukwaani siku nne ndani ya miezi sita bila kibali. Mkizidi hapo, kila mtoto anahitaji kibali kutoka halmashauri ya anakoishi, na maombi yafike angalau siku 21 kabla. Kuna pia idhini moja ya kikundi kizima, inatolewa na halmashauri ya mahali mnapoonyesha. Ulizeni hiyo, itawapunguzia fomu. Watu wazima watakaokaa na watoto wa wenzao mara kwa mara wafanyiwe ukaguzi wa DBS, yaani wa rekodi ya makosa ya jinai. Mtu wa kujitolea halipi ada ya serikali, ila hawezi kujiombea mwenyewe ukaguzi wa ngazi ya juu. Unapitia kikundi, na shirika linalowatumia maombi huwa linatoza chake kidogo.

Na kateni bima, mtoto akiteleza akaumia msije mkamlipa kutoka mifukoni mwenu. Kumbi nyingi hazikupi ufunguo bila hiyo.

Pesa: msikimbilie kuwa shirika la hisani. Andikeni katiba fupi, fungueni akaunti ya benki ya kikundi. Mfuko wa bahati nasibu ya taifa una ruzuku ndogo, pauni 300 hadi 20,000, hata kwa vikundi ambavyo havijasajiliwa. Sharti ni akaunti yenye watia saini wawili wasio ndugu wala wanandoa. Hapo ndipo sisi tulikwama, maana mweka hazina na katibu walikuwa mtu na mumewe. Kumtoa mmoja ilichukua futari mbili na kikao cha usuluhishi.

Mwisho, kwenye tangazo msiandike "saa 8". Wazee walielewa mchana, vijana waliokulia hapa wakaja saa mbili usiku wamevaa vizuri, ukumbi umefungwa.

Kutoka: Mzee wa Luton

Haya ya sungura ni mazuri kwa wadogo. Lakini hao wa miaka kumi na miwili mbona msiwape kitu kizito? Mwalimu Nyerere alishatutafsiria Shakespeare tangu 1969, Mabepari wa Venisi kipo. Sisi tulicheza shuleni, mimi nikiwa Shailoki, na ndevu za pamba.

Kutoka: Kaka wa Reading

Shikamoo mzee. Angalizo moja: Shakespeare ni bure kwa yeyote, tafsiri si bure. Mwalimu amefariki 1999, hakimiliki bado iko hai, kwa hiyo lazima muombe ruhusa. Hadithi za Sungura hazina mwenyewe, mradi msinakili kitabu cha mtu neno kwa neno. Na Dada, kwa igizo la watazamaji wasiozidi 500, kati ya saa mbili asubuhi na saa tano usiku, huhitaji leseni ya burudani. Mkipiga muziki wa watu kwenye spika, hilo ni jambo lingine, ulizeni ukumbi kama wana leseni yake. Au leteni ngoma.

Kutoka: Dada wa Coventry

Marahaba, ahsanteni, nimenakili yote. Fulana nimefuta. Ukumbi tumepata, Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, na kwenye tangazo nitaandika 2:00 mchana kwa saa za Kizungu. Mama Wawili, tunaomba hati ya Sungura mkalimani kama hamna kinyongo. Mzee wa Luton, Fisi hatujampata bado. Tunataka mtu mzima mwenye sauti, asiyeona haya kulamba sufuria mbele za watu. Nauli ya treni tutakulipa.

Kutoka: Mzee wa Luton

Sufuria iwe na kitu ndani.