Vyama vya wafanyakazi bado vina kazi, au vimebaki makato na fulana?

Muuguzi wa Isevya: Wakuu, salamu kutoka Tabora. Nina karatasi ya mshahara mkononi: asilimia 2 imekwenda chamani, mwaka wa tisa huu. Nilichoambulia ni fulana na kofia za Mei Mosi. Fulana ya mwaka juzi niliifua mara moja, leo anaivaa mwanangu wa darasa la tatu, tena inambana. Na fomu ya uanachama sijawahi kujaza. Hivi vyama bado vina maana zama hizi, au tunakatwa kwa mazoea?

Mwisho wa Reli: Dada, hukujaza kwa sababu hiyo ni ada ya uwakala. Ipo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Chama kikiwa na wengi kazini na kikakubaliana na mwajiri, hata asiye mwanachama anakatwa, maana nyongeza ikipatikana naye anaila. Ila kwa fulana mshukuru Mungu. Sisi Kigoma tunaletewa zilizobaki Tabora, XXL tupu, utadhani tumeajiriwa kupigana mieleka.

Kijana wa Gungu: Mimi nipo kwenye ujenzi, mkataba wa miezi mitatu mitatu. Hakuna chama kilichowahi hata kuniuliza jina. Kama kazi za siku hizi ndizo hizi, hivyo vyama vinamtetea nani?

Mzee wa Cheyo: Mwisho wa Reli, "zilizobaki Tabora" maana yake nini? Reli imefika Tabora 1914, ninyi mlikuwa bado mnaisikia kwa wapita njia.

Mwisho wa Reli: 1914 ni Kigoma, mzee wangu. Tabora ni 1912. Yaani unajitetea kwa kujipunja miaka miwili?

Mzee wa Cheyo: Haya, 1912. Si ndiyo nasema tuliwatangulia! Na mgomo wa reli wa 1960 mnaujua? Baba yangu alikuwa karakana hapa. Nyumbani tulikula michembe asubuhi, michembe jioni, mpaka leo sitaki kukiona kiazi kikavu. Kawawa mwenyewe kabla ya kuwa waziri mkuu alikuwa katibu mkuu wa TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika, na shule alisoma hapahapa Tabora. Ninyi mnalilia fulana.

Muuguzi wa Isevya: Mzee shikamoo, lakini hapo kwenye kulilia fulana umenikosea. Nadai pesa yangu, sijaomba nguo. Na hiyo TFL imalizie basi: 1964 ilivunjwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja tu cha wafanyakazi wote, waziri wa kazi ndiye katibu mkuu. Hapo unamgomea nani?

Mzee wa Cheyo: Marahaba. Michembe nilikula mimi, si waziri.

Karani wa Urambo: Niwaambie yangu. Nilifukuzwa kazi kwenye ghala moja, nikawa nashinda chini ya mwembe nikisubiri bosi apoe. Katibu wa tawi akanipitia, akauliza, siku ngapi sasa? Nikasema ishirini na sita. Hakushuka hata kwenye pikipiki. Alitandika fomu ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi juu ya tangi la mafuta, tukaijaza pale pale, kwa sababu ukifukuzwa una siku 30 tu za kulalamika. Nililipwa. Asilimia 2 yangu wakate.

Mwisho wa Reli: Hongera, una katibu. Wa kwetu tunamwona Mei Mosi mstari wa mbele, na fulana yake inamkaa vizuri sana.

Kijana wa Gungu: Karani, hiyo fomu hata mimi wa miezi mitatu najaza?

Karani wa Urambo: Kama hujatimiza miezi sita kwa mwajiri mmoja, kuachishwa isivyo halali hulalamikii. Lakini mikataba ya mwajiri yuleyule inajumlishwa, hata iwe mifupi. Tunza nakala zako.

Kijana wa Gungu: Nakala zote anazo msimamizi. Sisi tunasaini tu.

Muuguzi wa Isevya: Na mimi bado sijajibiwa, uwakala huo nilimpa nani na lini?

Mzee wa Cheyo: Mwisho wa Reli usijifiche. Treni ikitoka Dar inapita kwetu kwanza. Lazima mpate zilizobaki, lawama wapeni Wajerumani.