Sukari ya mamangu imefika 21, nimpeleke usiku huu ama ningoje kliniki?

Bint_Kisauni
Asalam aleikum waungwana. Mamangu ni mtu wa sukari miaka mingi, yuko kwa insulini ya asubuhi na jioni pamoja na vidonge vya metfomini. Tangu wiki jana kiu haimwishi, jagi zima la maji yuwalimaliza peke yake, usiku hatulali kwa safari za choo, macho nayo asema yaona ukungu na mwili hauna nguvu kabisa. Leo asubuhi kabla ya kula mashine ilisema 16 (mmol/L), saa hii baada ya magharibi 21. Chakula ni kilekile, chapati nusu na chai kavu bila sukari, na sindano hakuna siku imerukwa. Kliniki ni Jumanne. Jirani ashaniletea juisi ya karela, lile tunda chungu la Kihindi, ati yashusha sukari. Nifanyeje?

Mzee_wa_Likoni
Pole bintangu. Hiyo kiu yuwaikata na nini? Joto la hapa kwetu mtu akisikia kiu ni dafu ama juisi ya miwa, aona yuwapoa kumbe amwaga sukari juu ya sukari. Mpe maji matupu. Na anawe mikono kabla ya kujitoboa, mtu akimenya embe halafu ajipime, mashine yasoma embe.

Shoga_Majengo
Karela si mbaya jamani, babangu yuwanywa kila siku na sukari yake iko sawa.

Mzee_wa_Likoni
Karela peke yake, ama na dawa za daktari?

Shoga_Majengo
Na dawa pia 🙈

Nesi_Tudor
Mimi ni nesi. Wengi lengo lao ni 4 hadi 7 kabla ya kula na chini ya 10 masaa mawili baada ya kula, ingawa wazee daktari huwalegezea kidogo. Sukari ikipanda hivi na chakula hakijabadilika kuna kitu: ama insulini imeharibika, ama kuna maradhi mengine mwilini, mkojo, kifua, jino, kidonda, ama amepewa dawa mpya kama za steroidi. Nijibu, insulini yawekwa wapi? Ametapika? Apumua vipi? Na nyayo umemwangalia?

Bint_Kisauni
Hajatapika, aongea vizuri tu na pumzi ni za kawaida. Insulini iko kabatini, friji iliharibika, na chupa yenyewe imekaa sana. Nyayo ngoja nikaangalie.

Bint_Kisauni
Subhanallah. Katikati ya vidole vya mguu wa kushoto kuna kidonda chatoa maji, mguu umevimba una moto, na yeye ati hasikii uchungu wowote!!

Nesi_Tudor
Hasikii kwa sababu sukari ya miaka mingi huua mishipa ya fahamu miguuni. Sasa kidonda chapandisha sukari na sukari nayo yakizuia kidonda kupona. Usingoje Jumanne, mpeleke sasa hivi, hospitali kuu ya Mombasa pale Makadara hupokea wagonjwa usiku kucha. Usimuongezee sindano kwa kukisia, itashuka mpaka azimie, na usimwachishe pia. Akianza kutapika, tumbo kumuuma, pumzi nzito za haraka, mdomo kunuka kama dawa ya kutoa rangi ya kucha, au kuongea ovyo, hiyo ni hatari ya maisha, na kwa wazee mara nyingi hakuna harufu yoyote, akauka maji tu na kuchanganyikiwa.
Chupa ya insulini isiyofunguliwa ni friji, nyuzi 2 hadi 8, na ikiganda tupa. Iliyofunguliwa, aina nyingi ni kama wiki 4 na isipite nyuzi 30, sasa kabati la Mombasa wakati wa kaskazi mwalijua wenyewe. Bila friji, tia chungu kidogo ndani ya kikubwa na mchanga wa majimaji katikati, insulini ikae kwenye kile kidogo.

Kaka_Bamburi
Mashine yangu ya sukari juzi iliandika HI nikadhani yanisalimia 😂

Nesi_Tudor
Wewe! Mashine nyingi hiyo maana yake imepita 33. Ikikuandikia tena nenda hospitali, usiijibu.

Bint_Kisauni
Tumepata tuktuk, twatoka.

Nesi_Tudor
Beba hiyo chupa, mashine na kitabu chake cha kliniki. Mguu usiuloweke maji moto wala usiufunge chochote cha kubana, na ukifika tu waambie ni kidonda cha mtu wa sukari, wasikuweke foleni ya kikohozi.