Laptopu ya RAM GB 4 inajivuta: kuzima programu za chinichini, kusafisha RAM, Windows iliyopunguzwa, au kununua kifaa?

mwl_zuhura
Habari zenu wakuu. Naomba mnisaidie kulinganisha, maana kila ninayemuuliza ananipa dawa yake. Nina HP EliteBook 840 G3, i5 ya kizazi cha 6, RAM GB 4, HDD (diski ya kuzunguka) ya GB 500, Windows 10 ya biti 64. Ni ya mtumba lakini nzima, kioo safi, betri inakaa. Nikiiwasha asubuhi inachukua muda mrefu mno kabla Word haijakubali kufunguka. Task Manager inaonyesha memori asilimia 80 na kitu, diski 100, na michakato zaidi ya 160 wakati sijafungua chochote.

Kazi zangu: matokeo ya wanafunzi kwenye Excel, kutunga mitihani kwenye Word, Chrome, na Zoom mara mojamoja. Nimeshauriwa mambo manne: (a) nizime huduma za Windows (programu ndogo za mfumo zinazokimbia chinichini), (b) niweke programu ya kusafisha RAM, (c) nipige Windows "nyepesi" iliyopunguzwa, (d) ninunue RAM au SSD (diski isiyozunguka). Hela ya kununua vyote viwili kwa mpigo sina. Nianze na kipi?

fundi_barazani
Mwalimu, karibu. Kwanza hiyo 160 iache kabisa, isikunyime usingizi. Tangu toleo la 1703 la Windows 10, la mwaka 2017, mashine yenye RAM zaidi ya GB 3.5 inatenganisha huduma ambazo zamani zilikuwa zinakaa pamoja ndani ya svchost moja (programu ya Windows inayobeba huduma). Kila huduma sasa ina mchakato wake, ili moja ikianguka isiangushe wenzake. Orodha imekuwa ndefu, lakini kazi inayofanyika ni ileile. Wapo watu wanakesha wakizima huduma mpaka michakato ibaki 90, halafu printa inagoma na Wi-Fi haishiki, na memori waliyookoa haifiki hata kichupo kimoja cha Chrome.

Nenda Task Manager, "Performance", kisha "Memory". Niandikie hapa namba za chini: In use, Available, Committed, Slots used. Halafu bofya "CPU" uniambie Up time inasomaje.

mwl_zuhura
In use GB 3.2, na kwenye mabano imeandikwa compressed MB 410. Available GB 0.6. Committed 5.6/7.9 GB. Slots used 1 of 2. Form factor SODIMM. Up time inaonyesha siku nyingi sana, wakati mimi huizima kila jioni.

fundi_barazani
Hapo umetupa kila kitu. Namba ya kuangalia ni Committed. 5.6 maana yake programu zako zimeahidiwa GB 5.6 za memori, wakati RAM yako yote ni 4. Sehemu ya ziada Windows inaibana (ndiyo hiyo compressed), na nyingine inaipeleka kwenye pagefile, yaani faili iliyoko kwenye diski inayotumika kama memori ya akiba. Diski yako ni ya kuzunguka, ina kichwa kinachohamahama kutafuta data. Ikiombwa vipande vidogovidogo vilivyotawanyika, kila kimoja kinakula milisekunde kadhaa, na maombi yanakuja kwa maelfu. Ndiyo maana unaona diski 100 na mashine kama imekufa. RAM na diski vinagombana, na programu za chinichini ndizo zinazowachonganisha.

Kuhusu Up time: Windows 10 ina kitu kinaitwa Fast startup. Ukibofya Shut down inafunga programu zako, lakini kiini cha mfumo na madereva yake inavihifadhi kwenye diski ili kesho iwake haraka. Kwa hiyo mfumo wenyewe haujaanza upya muda wote huo. Anayeanzisha kila kitu upya ni Restart. Kwa mashine ya HDD sikushauri uizime Fast startup, maana kuwaka kutazidi kuchelewa. Wewe piga Restart mara moja kwa wiki, na kila ukimaliza kufuta programu.

kijana_wa_kkoo
Mimi nina RAM hiyohiyo na natumia programu ya kusafisha RAM. Nikibofya inashuka kutoka 85 hadi 45 papo hapo. Bure kabisa. Mwalimu ajaribu hiyo kabla ya kuingia gharama.

fundi_barazani
Mkuu, nakuelewa, na hiyo 45 ni kweli utaiona. Ila angalia imepatikanaje. Programu hizo zinaiamuru Windows iziondoe kurasa za memori kwenye himaya ya kila programu iliyo wazi. Zile ambazo hazijabadilishwa zinawekwa pembeni. Zilizobadilishwa, kama Excel ambayo mwalimu ameshajaza alama lakini hajaihifadhi, zinaweza kuandikwa kwenye pagefile. Asilimia inashuka. Sekunde chache baadaye mwalimu anarudi kwenye Excel yake, na yote yaliyosukumwa diskini yanaanza kusomwa upya, kwenye HDD ileile iliyokuwa inahema. Fanya jaribio hili: fungua Word na Chrome, safisha, halafu ruka haraka kutoka dirisha moja hadi jingine huku ukitazama safu ya Disk.

Na ile "Cached" inayowatisha watu ni memori iliyowekewa vitu ambavyo huenda vikahitajika tena. Programu ikiitaka, Windows inaiachia mara moja. RAM ikikaa tupu haimsaidii mtu.

dada_exceli
Naunga mkono. Ofisini kwetu zilikuwemo kwenye kompyuta za uhasibu, na kila moja ilikuwa inajiwasha yenyewe pamoja na Windows, ina kialama chake chini kulia na matangazo ya kununua toleo kamili. Kisafishaji nacho kikawa programu ya chinichini.

Mwalimu, (a) ifanye hivi, na uanze na kinachojiwasha, huduma ziache kwanza. Ctrl+Shift+Esc, kichupo cha "Startup", panga kwa "Startup impact". Bofya kitu kwa kitufe cha kulia, chagua Disable. Hujaifuta, umeizuia tu isijiwashe, na unaweza kuirudisha wakati wowote. Kwa kazi zako ningezima Teams, Spotify, Zoom, visasishaji vya Adobe, na OneDrive kama huhifadhi kitu huko. Skype ilifungwa Mei 2025, kwa hiyo ifute kabisa. Usiguse vitu vya sauti (Realtek), vya padi ya kugusa (Synaptics), wala Windows Security.

Halafu kuna mambo ya brauza ambayo wengi hawayajui. Chrome: Settings, System, zima "Continue running background apps when Google Chrome is closed". Edge nayo unaikuta hata kama hujawahi kuifungua: kwenye "System and performance" zima "Startup boost" na ile ya kuendelea kukimbia baada ya kufungwa. Kisha washa "Memory Saver" ya Chrome, inalaza vichupo ambavyo hujavigusa muda. Ukiwa ndani ya Chrome bonyeza Shift+Esc, utaona kila kichupo na kila kiendelezi (programu ndogo ya nyongeza ndani ya brauza) kinakula kiasi gani. Mara nyingi utamkuta kiendelezi mmoja ameshiba kuliko wote.

msomi254
Salamu kutoka Nakuru. Kuna pia ukurasa wa "Background apps" kwenye Settings, chini ya Privacy. Uzime, lakini usitarajie makubwa, kwa sababu unahusu programu za Microsoft Store tu. Chrome na Zoom iliyowekwa kwa faili ya kawaida hazisikii amri hiyo.

Kwa huduma, mimi ningegusa mbili tu kwenye HDD: SysMain (zamani ikiitwa Superfetch) na Windows Search. SysMain inapakia mapema vitu inavyokisia utavihitaji, na kwenye diski ya kuzunguka yenye RAM ndogo inaweza kuishughulisha diski wakati wewe unasubiri. Isimamishe kwenye services.msc (orodha ya huduma za Windows), ufanye kazi zako za kawaida. Diski ikitulia, iweke Disabled. Usipoona tofauti, irudishe. Windows Search sipendi izimwe kabisa, kwa mwalimu mwenye mafaili mengi anayeyatafuta kwa jina. Afadhali upunguze folda zinazoorodheshwa, ubakishe Documents peke yake.

kijana_wa_kkoo
Na pagefile je? Kuna jamaa alisema ukiiondoa Windows inalazimika kutumia RAM tu, diski inapumzika.

msomi254
Ndugu, hapana. Ile 7.9 kwenye Committed ni RAM pamoja na pagefile. Ukiondoa pagefile kikomo kinashuka hadi RAM peke yake, chini kidogo ya 4, na mwalimu tayari anahitaji 5.6. Chrome itaanza kuanguka vichupo, na Excel italeta ujumbe wa memori kuisha katikati ya kazi. Iache Windows iipange yenyewe.

bahari_njema
Assalaam alaykum. Nizungumzie (c), maana hapa Unguja vijana wanaipiga kila siku kwenye flashi. Kuna vitu viwili hapa na watu wanavichanganya.

Kimoja ni Windows iliyokatwakatwa na mtu, ukaletewa faili tayari. Humjui aliyeikata, hujui kaongeza nini, na mara nyingi Defender (antivairasi ya Windows yenyewe) na masasisho yameondolewa ndiyo ikawa nyepesi. Mwalimu, ndani ya mashine hiyo kuna majina na alama za watoto wa watu, na huenda na akaunti yako ya benki. Mimi nasema hapana, na nasema kwa mkazo.

Cha pili ni skripti za kupunguza mizigo kwenye Windows yako halali, zile ambazo msimbo wake uko wazi na unaweza kuchagua kipi kitoke. Hizo si mbaya kama utatengeneza restore point kwanza, yaani alama ya kuirudisha Windows ilivyokuwa. Ila faida yake kwa RAM inasifiwa kupita kiasi. Kufuta michezo na programu za Store zisizokimbia kunakupa nafasi ya diski; kitu ambacho hakijawashwa hakikuwa kwenye RAM tangu mwanzo. Kazi kubwa ya skripti hizo ni yaleyale aliyoeleza dada_exceli, na kwa mkono unajua ulichogusa.

Linux Mint ya Xfce, mfumo mwingine badala ya Windows, ni nyepesi kweli, lakini kama Excel zako zina makro au fomu za ofisi ya elimu, utapata tabu. Kwa anayeishi ndani ya brauza tu ningesema ndiyo.

dada_exceli
Nyongeza: antivairasi iwe moja. Mashine za mtumba mara nyingi huja na ya majaribio iliyokwisha muda. Ifute, piga Restart, Defender atashika zamu mwenyewe.

msomi254
Sasa (d). Mimi ni SSD kwanza, kila siku. Hata pagefile ikitumika, SSD haina kichwa cha kuhamahama, na kila kitu kinabadilika: kuwaka, kufungua Word, masasisho.

bahari_njema
Na mimi ni RAM kwanza. Sloti moja iko tupu, anachomeka kijiti cha GB 4, anafika 8, na vijiti viwili vikifanya kazi pamoja vinaisaidia hata grafiki ya Intel, ambayo inakopa kutoka RAM hiyohiyo. SSD ikitumika kama RAM bado ni polepole mno kuliko RAM yenyewe.

fundi_barazani
Wote mna haki, na namba ndiyo itakayoamua. Mwalimu, fanya usafi wa "Startup" na brauza, piga Restart, fungua vitu vyako vya siku ya kazi, kisha soma Committed. Ikibaki juu ya 5 wakati unafanya kazi, nunua RAM kwanza, kwa sababu unahama nje ya RAM kila saa. Ikicheza kwenye 4 au chini yake, RAM yako inakaribia kutosha, na kinachokuchelewesha ni diski, basi SSD kwanza.

Ukienda kununua RAM: G3 inakula RAM aina ya DDR4 ya laptopu. G2 iliyotangulia inakula DDR3L, na kwa macho zinafanana. Pengo la katikati haliko mahali pamoja, haiingii, usikubali isukumwe kwa nguvu. SSD chukua ya SATA ya inchi 2.5, inakaa palepale ilipotoka HDD.

mwl_zuhura
Nimerudi. Nimezima Teams, OneDrive, Spotify, Zoom, kisasishaji cha Adobe, nimefuta Skype na antivairasi ya zamani, nimerekebisha Chrome na Edge. Baada ya Restart, kabla ya kufungua kitu: In use 2.2, Committed 3.1/7.9. Nikiwa na Excel ya matokeo, Word na Chrome yenye vichupo vyangu vya kila siku: Committed 4.1. Kwenye Chrome kulikuwa na kiendelezi cha kuponi ambacho sikumbuki kukiweka, kilikuwa kinakula kuliko Gmail. Nimekitoa. Michakato bado ni mia na arobaini na kitu.

Diski inatulia sasa, ila inachukua dakika kadhaa baada ya kuwaka. Kwa hiyo SSD?

fundi_barazani
SSD, mwalimu. RAM utaongeza ukipata nafasi, hasa kabla ya msimu wa Zoom.

Jambo moja lisisahaulike: i5 ya kizazi cha 6 haimo kwenye orodha ya Windows 11, na Windows 10 iliisha muda wake wa kawaida 14 Oktoba 2025. Kuna masasisho ya usalama ya nyongeza hadi 13 Oktoba 2026. Unajiunga kupitia "Windows Update" ukiwa na akaunti ya Microsoft, na ukikubali kusawazisha mipangilio yako hulipi. Jiunge leo.

Siku ya kubadilisha diski, nakili matokeo yote kwenye flashi mbili kabla fundi hajashika bisibisi. HDD ya zamani usimwachie, omba akuwekee kwenye kasha la USB uondoke nayo. Na SSD ikishawekwa, kama ulizima SysMain irudishe.

mwl_zuhura
SysMain sikuigusa. Flashi ninazo. Jumamosi nampelekea fundi, nitaleta namba mpya hapa jioni.